MJADALA: Kuuza hisa za kuazima kupigwe marufuku?

Mtoa mada, Mwanga (Kigoma): Wakuu, kuna jedwali linazunguka kwenye magrupu ya vijana wa hapa mjini. Eti karibu nusu ya hisa za kampuni fulani ya mafuta ya Marekani zilizouzwa siku moja zilikuwa za kuazima, kwa hiyo kampuni inakufa, kimbieni. Kwa asiyejua: mtu anaazima hisa, anaziuza leo, baadaye anazinunua tena na kuzirudisha. Bei ikishuka, tofauti ni yake. Ikipanda, hasara haina kikomo. Msimamo wangu ni marufuku, na DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, isithubutu. Unauzaje kisicho chako?

Muuza mawese, Ujiji: Mbona tunafanya? Naazima madumu kwa jirani bei ikiwa juu, nauza, msimu ukikolea nanunua namrudishia. Nani kaibiwa?

Mhasibu, Gungu: Kwanza tulisome jedwali. Takwimu hizo hutolewa kila siku na FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani, na zinahusu mauzo yaliyopita nje ya masoko rasmi. Zinahesabu mauzo tu, hazisemi ni hisa ngapi bado zinadaiwa. Mteja akitaka hisa 1,000 ambazo dalali mkubwa hana, dalali anamuuzia hivyo hivyo, kisha anazinunua dakika chache baadaye. Tayari zimehesabiwa kama za kuazima, wakati hakuna aliyeombea kampuni ianguke. Karibu nusu ni siku ya kawaida kabisa.

Anayetaka kujua nani anasubiri bei ishuke aangalie deni lililobaki, linalotangazwa mara mbili kwa mwezi. Zikidaiwa hisa milioni 30 na kwa siku zinauzwa milioni 10, kulipa deni lote ni siku tatu za soko zima. Na hata deni lina sababu zake. Oktoba 2023 Exxon Mobil ilitangaza kuinunua Pioneer, kampuni nyingine ya mafuta, kwa kulipa hisa 2.3234 za kwake kwa kila hisa moja ya Pioneer. Katika dili la namna hiyo wapo wanaonunua hisa za anayenunuliwa na kuuza za kuazima za mnunuzi, ili wavune ile tofauti ndogo. Mafuta hawayawazii kabisa.

Mtoa mada: Jedwali nakuachia. Lakini Septemba 2008 Marekani wenyewe walizuia mchezo huu kwa hisa za mabenki. Kwa nini?

Mhasibu, Gungu: Zuio halikumaliza mwezi, na bei ziliendelea kuporomoka. Halafu mkuu, kumbuka Enron, kampuni ya nishati. Wakaguzi walikuwa wanasaini hesabu zake. Aliyezitilia shaka na kuuza hisa za kuazima ni Jim Chanos, mwekezaji wa Marekani. Desemba 2001 ikafilisika.

Dada wa Kibirizi: Marekani wafanye. Kwetu hapana, angalau kwa sasa. Mzee wa Ujiji, mawese utayapata soko lolote. DSE kuna hisa zinapita siku bila kuuzwa hata moja; ukidaiwa hizo, aliyenazo atakupangia bei anayotaka. Na za kuazima zingetoka wapi? Miongoni mwa wenye hisa nyingi ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Hiyo ni michango yetu. Ikiazimishwa bei ikashuka, hasara ya thamani ni yetu. Ada ya kuazimisha inaingia wapi?

Muuza mawese, Ujiji: Jirani yangu namrudishia na dumu la ziada. Mfuko nao udai la kwake, liandikwe kwenye taarifa ya mwanachama.

Dada wa Kibirizi: Waandike kwanza, ndipo tujadili ruhusa.