Nataka kuona na kusikia mbwa mwitu laivu, niende Ethiopia ama nivumilie viza ya Marekani?

Mdada_wa_Umoja
Wadau habari zenu, nisaidieni kabla nichome pesa. Nina wazimu wa mbwa mwitu toka kitambo (wale wa kizungu wanaitwa wolf, si wale wa madoadoa wa huku kwetu), usiku nikitoka job naweka rekodi zao wakilia kwa simu mpaka mwenye tunaishi naye ananiuliza kama niko sawa. Sasa nimepewa likizo Januari na kuna kitu kidogo nimeweka kwa sacco. Nimebaki na mbili, milima ya Bale kule Ethiopia ama mbuga ya Yellowstone kule Marekani. Nikienda nibebe spika nicheze hizo rekodi wanijibu, ama hiyo ni ujinga? Mamangu anasema nipande matatu ya Rongai nikasikilize fisi, ni walewale tu 😂

Kamaa_wa_Rongai
Mama ako sawa. Huku usiku fisi wakianza upande wa mbuga hulali, na hulipi kiingilio.

dereva_mstaafu
Dada, mimi nimepeleka wageni Bale mara nyingi kwa hivyo nisikize. Swali la kwanza si nchi, swali ni unataka zaidi kuona ama kusikia, juu hizo ni safari mbili tofauti.

Kama ni kuona, Bale hakuna mpinzani. Wale wa Ethiopia wamebaki kama 500 hivi dunia nzima na wengi wao wako hapo Bale, lakini ukifika uwanda wa Sanetti utawaona mchana kweupe hata ukiwa ndani ya gari, kwa sababu chakula chao ni panya na fuko wakubwa ambao hutoka shimoni mchana. Ni wekundu kama mbweha, miguu mirefu, pua nyembamba, kifua cheupe. Ukimwona akiwinda usipumue: anatembea polepole, anasimama, anainama mpaka tumbo linagusa nyasi, anakaa hapo akiangalia shimo moja tu, halafu ghafla kichwa chote kimeingia ndani na mkia uko juu. Mara nyingi anatoka na mdomo mtupu na udongo puani. Kundi linaishi pamoja ila kila mtu anajiwindia, usitarajie mambo ya kufukuza swara.

Kulia wanalia, hasa alfajiri na jioni wakizunguka mipaka yao, lakini sauti yao ni nyembamba, si ile nzito iko kwa simu yako.

Njeri_Montana
Dereva amesema ukweli. Mimi niko huku Montana, nimewasikia Lamar Valley, bonde liko ndani ya Yellowstone, na hiyo ndiyo sauti unatafuta. Waliuawa wote Yellowstone kufikia 1926, wakaletwa wengine kutoka Kanada 1995. Barabara ya kutoka Gardiner kupitia Lamar hubaki wazi kwa magari hata wakati wa theluji, na Februari ndio wakati wa kupandana kwa hivyo wanalia sana. Unazima gari alfajiri, unasimama na baridi inakuuma meno. Anaanza mmoja, chini, anavuta, kisha wengine wanaingia kila mmoja na noti yake, hawafuatani, ndio maana watatu unaapa ni kumi. Mimi nililia tu, sijui kwa nini.

Sasa ubaya: wako mbali, bila darubini ya stendi unaona nukta kwa theluji. Sheria ni usiwakaribie chini ya mita 91. Na hiyo viza kupata kabla ya Januari, aki sahau.

mwalimu_bio
Wote mmesahau Kenya. 2015 wanasayansi walipima DNA ya yule tulikuwa tunamwita bweha wa dhahabu wa Afrika, wakakuta amekaribiana na mbwa mwitu kuliko bweha wa Asia, siku hizi anahesabiwa spishi ya peke yake. Hapo Mara wapo, ila usimchanganye na bweha mgongo mweusi ambaye amejaa kila mahali.

Mdada_wa_Umoja
Eh mwalimu, hiyo sikujua kabisa. Na spika je?

dereva_mstaafu
Wacha hiyo kitu nyumbani. Kwao sauti ngeni ni kundi lingine limeingia shamba lao, watakimbia kulinda mpaka ama wahamishe watoto, na Januari watoto bado ni wadogo. Wanyama 500 hawachezewi. Hao wana shida zao tayari, mbwa wa wafugaji wanawaletea kichaa cha mbwa, 2003 kiliua wengi sana bonde la Web, hapo hapo Bale.

Mdada_wa_Umoja
Sawa mzee wangu, nimekubali, spika inabaki Umoja. Naenda Bale, Marekani itangoja. Hebu niambie mambo ya njia na baridi.

dereva_mstaafu
Viza huhitaji, pasipoti ya Kenya inatosha. Toka Addis ni kama kilomita 400 kwa barabara, lakini ulizia hali ya usalama Oromia, jimbo ambalo Bale iko, wiki hiyohiyo unasafiri, usiamini habari za mwezi uliopita. Usipande Sanetti siku ya kwanza, huko ni zaidi ya mita 4,000 na wewe umetoka 1,700 ya Nairobi, kichwa kitapasuka. Lala kwanza Dinsho ama Goba, miji ya chini kidogo. Usiku maji yanaganda.

Kamaa_wa_Rongai
Jaketi enda Gikomba asubuhi mapema wakifungua belo, na ujaribu zipu kabla ulipe.