Naomba ushauri: sukari guru inakata maziwa ya pongal

Wakuu, habari. Katikati ya Januari Wagujarati wanarusha tiara, Wapunjabi wanawasha moto wa Lohri, sikukuu yao ya majira ya baridi, Watamili wanapika pongal, wali mtamu wa maziwa wa sikukuu ya mavuno. Sukari guru haikosi kokote. Shida iko kwenye chungu cha Watamili. Mchele kikombe 1, choroko zilizokobolewa nusu, maji vikombe 4, maziwa 1. Maziwa sharti yachemke mpaka yafurike, ndiyo maana ya jina lenyewe. Sukari guru ikiingia tu, yanakatika mabonge mabonge. Ikiingia mapema, punje zinagoma kuiva. Nikiyeyusha kikombe 1½ pembeni, nichuje mchanga, nimimine moto ukishazimwa, itatosha? Au chungu cha udongo kinabaki na joto mno? Samli, iliki na korosho hazisumbui.