Rangi za mafuta ukutani na gitaa la 1968: jukwaa la klabu nje ya Fort Hood

jukwaadogo:
Wakuu, tunaandaa mchezo wa kuigiza. Mandhari ni Killeen, Texas, 1968, klabu ya muziki nje ya kambi ya Fort Hood, wakati askari wanapelekwa Vietnam. Tunataka rangi za kimiminika zitembee ukutani kwa mdundo, si video. Tunayo projekta ya zamani ya darasani, ile ya karatasi za plastiki. Tatizo: baada ya dakika chache rangi zote zinakuwa tope la kahawia. Na gitaa lipatiweje mkwaruzo wa enzi zile?

kioosafi:
Tope linatokea kwa sababu rangi zote zimetiwa kwenye maji. Rangi ya chakula huyeyuka kwenye maji tu. Mafuta yanahitaji rangi yake, ile ya kutengenezea mishumaa. Yatumike mafuta ya madini yasiyo na rangi. Mafuta laini ya kupaka watoto mara nyingi ndiyo hayo.

Tafuta vioo viwili vya saa kubwa ya ukutani, vile vilivyobinuka, kimoja cha sentimita 25 na kingine 20. Kwenye kikubwa mimina vijiko vikubwa 3 vya maji yenye rangi moja, kisha 2 vya mafuta yenye rangi nyingine. Laza kioo kidogo juu, ukianzia ubavuni ili hewa itoke. Sasa kibonyeze na kukizungusha kwa kufuata ngoma ya besi. Hapo ndipo mkono unapojifunza, na hakuna njia ya mkato.

Nyekundu na njano zinapendeza pamoja. Nyekundu na kijani huzaa giza, kwa kuwa kila moja inazuia mwanga ambao nyingine inaupitisha. Rangi za kuchorea picha usiziguse: chembe zake hazipitishi mwanga, ukutani zinatoka nyeusi. Vioo visuuzwe sabuni yote iishe, maana tone moja tu linayavunja mafuta kuwa matone madogo mno na picha inakuwa ukungu wa kijivu. Andaa jozi mbili, moja ioshwe nyingine ikiwa kazini.

Juu ya projekta weka kioo bapa na uzibe kingo kwa utepe, vinginevyo kimiminika kitafika kwenye lenzi ya plastiki na feni. Wapo wanaodondoshea spiriti ili rangi zikimbie. Karibu na taa yenye joto kali, acheni kabisa, isije ikawaka.

Kwa lenzi ya milimita 300, picha ya upana wa mita 3 inataka umbali wa karibu mita 4 kutoka projekta hadi ukutani.

nyuzisita:
Gitaa: tafuta pedali ya fazi (kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza mlio) yenye transista za jemaniamu. Iwe ya kwanza kabisa baada ya gitaa, kabla ya wawa (pedali inayoufanya mlio useme "wa-wa"). Ikitanguliwa na pedali nyingine inakuwa kali na nyembamba, na kupunguza sauti kwenye gitaa hakusafishi tena mlio. Nyingi za aina hii zina chanya ya betri kwenye waya wa ardhi, kinyume na pedali za kawaida, kwa hiyo zipewe betri yake ya volti 9. Ukiziunganisha na umeme wa pedali nyingine unasababisha shoti. Jemaniamu huvuja umeme zaidi ikipata joto, basi isikae karibu na taa za jukwaa.

rafuyazamani:
Mandhari nayo iwe ya kweli. Killeen palikuwa na Oleo Strut, mkahawa wa kahawa uliofunguliwa Julai 1968 na wapinga vita kwa ajili ya askari. Msiweke baa ya pombe. Weka mabango, magazeti ya askari wanaopinga vita na santuri. Mwezi uliofuata askari weusi 43 walikamatwa Fort Hood baada ya kugoma kupelekwa Chicago kudhibiti waandamanaji. Mchezo ukigusa majira hayo, mazungumzo mezani yasiwe ya muziki tu. Onyesho kubwa la taa lingefaa zaidi Austin, mwendo wa kama kilomita 110, kwenye klabu ya Vulcan Gas Company (1967 hadi 1970). Kwa Killeen, projekta moja inatosha.

kioosafi:
Naongeza: mkitumia taa ya kumetameta, isizidi mimweko 4 kwa sekunde, na tangazo libandikwe mlangoni. Kasi ya 15 hadi 25 ndiyo hatari zaidi kwa wenye kifafa.