Orma Boran au Sahiwal kwa ekari 3, Mwakirunge?

KijanaKisauni: Asalaam aleikum wadau. Zizi la marehemu baba limekaa tupu, na ekari 3 zenyewe ni minazi tu na mahindi kidogo. Nataka ng'ombe wanne hivi wa asili safi, nizalishe mitamba ya kuuza. Machanganyiko sitaki. Nimekwama baina ya Orma wa Tana, yaani Boran wanaofugwa na Waorma, na Sahiwal, ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Bara Hindi. Mwasemaje?

MaziwaMtwapa: Mimi Sahiwal, na upendeleo ninao, sifichi. Joto halimsumbui na maziwa yapo. Mbegu za dume za kupandisha kwa mrija zinatoka Kabete, na kituo cha Naivasha kinazalisha Sahiwal tangu 1962. Ila ujue: bila ndama hashushi maziwa. Wangu alifiwa na ndama Ramadhani iliyopita. Tulimkanda chuchu kwa maji ya moto, tukamwekea pumba, akala pumba akatutazama. Baada ya siku chache kiwele kimekauka.

BintiWaGarsen: Ungekuwa karibu na Shimba Hills ningekwambia Orma, basi. Nagana, ugonjwa wa mbung'o wa huko, humpata, lakini huihimili kuliko Boran wa ranchi, kwa sababu amelelewa penye mbung'o vizazi na vizazi. Maziwa usitarajie mengi. Na ukienda mnadani Mariakani, kila mweupe mwenye nundu ataitwa Orma! Mfuate mfugaji bomani kwake, uoneshwe mama na dada zake. Kibali cha kuhamisha mifugo usisahau.

MzeeFahali: Nyote mwamtazama jike. Dume je? Ng'ombe wanne, dume mmoja: mimba miezi tisa, mtamba akue, na ukifika mwaka wa nne hivi dume anapanda binti zake mwenyewe. Hapo ndipo ndama huanza kuzaliwa wanyonge, na usafi wa damu unaoutaka ndio unaokuponza. Kwa Sahiwal unabadilisha mbegu tu, kazi imekwisha. Mbegu za Orma mimi sijawahi kuziona zikiuzwa. Mbegu ya Boran niliyoletewa na mpandishaji ilikuwa ya Boran wa ranchi. Kwa hiyo Orma ni mpaka muungane wafugaji watatu mzungushe madume, na kila dume apimwe kwanza, la sivyo mtazungusha na maradhi ya kutupa mimba.

KijanaKisauni: Duh. Dume sikumfikiria kabisa. Na ekari 3 zatosha?

MzeeFahali: Kwa kuchunga, hazitoshi. Panda majani ya nepia, wakatie zizini. Ukiwafungulia watakwenda jaani kula mifuko ya plastiki, kisha uje hapa kuuliza mbona tumbo limefura.

BintiWaGarsen: Na ndama wachanjwe ndigana kali, awe Orma awe Sahiwal. Kupe habagui.

KijanaKisauni: Basi naanza na Sahiwal wawili. @MaziwaMtwapa, waweza kuniuzia mitamba miwili na dume asiye ndugu yao?

MaziwaMtwapa: Mitamba nitakupa. Dume tafuta kwengine, hawa wangu wote sita baba yao mmoja 😅