HD 650 na ampu ya valvu, LCD-X na transista, au HD 800 S: ipi mngebaki nayo?

MasikioMawili

Habari zenu wakuu. Nimekaa na hedifoni tatu kwa miezi kama miwili, moja yangu (Sennheiser HD 650) na mbili za jamaa yangu aliyesafiri akaniachia, Audeze LCD-X na Sennheiser HD 800 S. Anarudi karibuni na amesema nikitaka moja ataniuzia, kwahiyo nataka mnisaidie kufikiri kabla sijakurupuka.

Ampu ninazo mbili, Bottlehead Crack ya valvu, zile taa za kioo za zamani (ile unanunua vipande unaunganisha mwenyewe kwa lehemu) na JDS Labs Atom ya transista. DAC, yaani kigeuzi cha muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme, ninayo moja tu, inalisha zote mbili.

HD 650 ni sauti ya mtu, hapo sijaona wa kuishinda. Kuna rekodi moja ninayo ya mwimbaji na gitaa tu, kabla hajaingia ubeti wa pili anavuta pumzi halafu midomo inaachana, kamlio kadogo sana kama tone la maji likidondokea kitambaa. Kwa 650 kwenye Crack ule mlio unatoka pale pale mdomo ulipo. Kwa LCD-X upo ila umekaa nyuma ya gitaa kidogo, na kwa HD 800 S unang'aa mpaka unaacha wimbo unaanza kuusikiliza wenyewe.

LCD-X besi yake jamani. Siyo kelele, ni besi inayoshuka mpaka chini kabisa bila kulegea, unasikia ngozi ya ngoma kubwa inavyorudi baada ya pigo. 650 huko chini inaishiwa, tusidanganyane. Ila LCD-X ina kama gramu 612, nikifika dakika ya arobaini shingo inaanza kuniambia.

HD 800 S ni ukumbi. Rekodi ya kwaya ukiivaa unaweza kunyoosha kidole ukasema yule wa tatu kutoka kulia ndo aliyechelewa kuingia. Ila sijui kama naipenda au naistaajabia tu.

Semeni wakuu.

Valvu_Moto

Mkuu jibu unalo mwenyewe umelitaja la kwanza 😊 650 na Crack ni ndoa ya zamani, watu wanaijua miaka mingi (hedifoni yenyewe ilitoka mwaka 2003) na sababu ipo, siyo mapenzi ya valvu tu. Ile ampu haina transfoma ya kutokea, valvu inasukuma hedifoni moja kwa moja, kwahiyo inataka hedifoni yenye omu nyingi (kipimo cha ukinzani wa umeme) na 650 ina omu 300. Wanapatana. Sauti inajaa, katikati panapata nyama.

Ila kitu kimoja, usichomeke hedifoni halafu ndo uwashe. Washa, acha valvu zipate moto, dakika moja mbili hivi, ndo uchomeke. Nimeona watu wanaharakisha hapo.

MzeeWaNamba

Nampa mkono Valvu_Moto ila niongeze kwanini panajaa, maana wengi wanadhani ni uchawi wa valvu. Crack ina impidansi ya kutokea, yaani ukinzani wa ampu yenyewe kwa umeme unaotoka, kama omu 120. HD 650 kwenye karatasi imeandikwa 300, lakini haikai 300 kila mahali, kwenye besi ya hezi 80 mpaka 100 hivi inapanda inakaribia 500. Sasa volti zinagawana kati ya ampu na hedifoni: penye 300 hedifoni inapata 300 kwa 420, yaani inapoteza karibu desibeli 3. Penye 500 inapata 500 kwa 620, inapoteza kama 1.9. Tofauti ni desibeli 1 na ushee, na ndo ile nyama anayosema mwenzangu, besi ya juu imeinuka desibeli moja. Ipo kweli na inasikika.

LCD-X ukiichomeka humo ni habari nyingine kabisa. Ina omu 20 tu. 20 kwa 140, sehemu moja ya saba ya volti ndo inafika kwenye sikio, zilizobaki zinaishia ndani ya ampu, na valvu zinalazimishwa kutoa mkondo ambao hazijaumbwa kuutoa. Ni planari (spika yake ni utando bapa) kwahiyo impidansi yake imenyooka, toni haitabadilika sana kama kwa 650, ila upotofu wa sauti unapanda na besi inalegea. Kwa LCD-X tumia Atom, impidansi yake ya kutokea iko chini ya omu 1, ndo inavyotakiwa. Watu wengi tunashika kanuni ya moja kwa nane, impidansi ya ampu isizidi sehemu ya nane ya ile ya hedifoni. Kwa 20 ni omu 2 na nusu.

Mgeni_Masikio

samahani wakuu mimi mgeni humu, nasoma tu. niliambiwa na muuzaji mmoja kwamba hedifoni kubwa kama izo bila ampu ya nguvu sana hazifai kabisa afadhali usinunue, mimi nina HD 650 ya mtumba na ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C. Naharibu?

MzeeWaNamba

Karibu sana, na huharibu chochote. Ngoja nikupigie hesabu. HD 650 kwa volti 1 inatoa desibeli 103. Adapta hiyo inatoa kama volti 1 (toleo la Ulaya ni nusu ya hapo, desibeli 6 chini). Kwahiyo kilele chako ni 103, na watu wengi wanasikiliza wastani wa 70 hadi 75. Muziki wa kawaida inakutosha. Utakapokwama ni rekodi zilizorekodiwa kwa sauti ya chini, zenye mruko mkubwa kati ya kimya na kishindo, hapo utaongeza mpaka mwisho na bado utataka kidogo. Mimi nikipanga ampu huwa naweka lengo la vilele vya 110, kwa 650 hiyo ni volti 2.2 na nguvu ni miliwati 17 tu. Yaani inataka volti, haitaki nguvu.

Sasa linganisha na HiFiMan Susvara, omu 60, miliwati moja inakupa desibeli 83. Kufika 110 unataka miliwati 500. Nusu wati kwa sikio moja. Hiyo ndo hedifoni ya kuambiwa tafuta ampu ya nguvu. LCD-X pamoja na ukubwa wake wote miliwati 5 zinatosha. Ukubwa wa hedifoni haukuambii kitu, soma namba mbili, omu na desibeli, na angalia desibeli imeandikwa kwa miliwati au kwa volti maana watu wanachanganya hapo kila siku.

Mgeni_Masikio

asante sana mkuu umenitoa mzigo kichwani, nilishaanza kuitazama vibaya hedifoni yangu

BintiSauti

Mimi nachanganya sauti za watu kwa kazi, LCD-X naivaa kila siku, niseme yangu.

Ile sauti ya mwimbaji kukaa nyuma ya gitaa siyo ampu na siyo DAC. LCD-X imeshuka kidogo pale kati ya hezi 2,000 na 5,000, sehemu ambayo sikio la binadamu ndo kali zaidi na ndo maneno yanapokaa. Hakuna ampu itakayokuinulia hapo. Ekwalaiza itakuinulia. Kama uko kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO, ni ya bure, inua taratibu, anza na desibeli 2 upana mkubwa, na ushushe sauti ya jumla kiasi kile kile ulichoinua ili isipasuke. Nilivyofanya hivyo LCD-X ikawa hedifoni nyingine, ile besi imebaki na waimbaji wamesogea mbele. Planari inavumilia ekwalaiza vizuri sana kwenye besi kwasababu haipotoshi haraka, 650 ukiisukuma chini ya hezi 50 inaanza kulalamika.

Uzito ni kweli, na haujazoeleka mpaka leo, nasema ukweli. Mkanda wa kichwani ule mpana wa ngozi unasaidia, unatandaza mzigo. Napumzika kila nusu saa na nimegundua kupumzika kunasaidia masikio pia, ukirudi ndo unajua ulikuwa umepandisha sauti bila kujijua. Na hapa naomba mnisikilize wote, Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu, 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Hedifoni nzuri haipasuki ukiongeza, haikupi onyo, ndo hatari yake.

NyuziNne

Mbona HD 800 S inapitwa hivi jamani. Mimi nasikiliza okestra tu karibu, nyuzi na piano, na hakuna kitu kama ile. Spika yake ni milimita 56, ya umbo la pete, na imewekwa kwa pembe mbele ya sikio haigusi sikio, ndo maana unapata ukumbi. HD 800 ya kwanza ya 2009 ilikuwa na mwiba karibu na hezi 6,000, violini zilikuwa zinachoma, hii ya S waliweka kifyonzaji ndani kikapunguza ule mwiba. Haujaisha wote ila unavumilika.

MasikioMawili umesema unaistaajabia. Mimi miezi miwili ya kwanza nilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nahesabu violini sisikilizi wimbo. Baadae inapita. Umeijaribu kwenye Crack? Nayo ina omu 300, ile desibeli moja ya besi inaisaidia sana, inapunguza ukali bila kukata ukumbi.

Valvu_Moto

Ndio kabisa, 800 S kwenye valvu nimeisikia, ni tamu. Sema kwa sauti ya mtu mmoja na gitaa bado nairudia 650.

Kimya_Kikuu

Nashauri Stax, hedifoni za umemetuli, kwa wote 😄 ila najua ni dunia nyingine, zinataka volti 580 za kudumu na ampu yake maalumu, huwezi kuchomeka kwenye chochote ulichonacho. Kwahiyo naacha.

Swali langu kwa MasikioMawili, ulilinganisha ukiwa umesawazisha sauti? Na 650 yako pedi zina miaka mingapi?

MasikioMawili

Sauti nilisawazisha kwa sikio tu. Pedi ni zile zile toka nimenunua, miaka sita.

Kimya_Kikuu

Basi mkuu hujalinganisha bado. Kwa sikio unakosea desibeli moja au mbili kirahisi, na inayopiga juu zaidi itaonekana ndo yenye maisha, hata kama ni kifaa kile kile. Chukua mita ya volti, cheza toni ya hezi 400 (mita nyingi za kawaida huko juu zaidi hazipimi vizuri), pima kwenye mdomo wa ampu hedifoni ikiwa imechomekwa, linganisha volti. Hiyo ni kwa ampu mbili na hedifoni moja, kwa hedifoni tofauti ni ngumu zaidi. Halafu mtu mwingine abadilishe wewe usione.

Na pedi za 650 zikibonyea spika inasogea sikioni, toni inabadilika na mwishowe sikio linagusa sponji ya ndani. Bonyeza kwa kidole, ikikaa chini bila kurudi imekwisha.

MasikioMawili

Wakuu nimerudi, wiki mbili. Nilifanya kama Kimya_Kikuu alivyosema, mdogo wangu ndo alikuwa anabadilisha mimi nimegeukia ukuta.

LCD-X kwenye Atom dhidi ya tundu la hedifoni la DAC yangu, volti sawa: mara 10, nimepatia 5. Yaani sikujua kitu, na ni mimi niliyekuwa nasema Atom ina hewa zaidi. HD 650 kwenye Crack dhidi ya Atom: nimepatia 9 kati ya 10, besi ya juu ndo ilikuwa inaniambia kila mara, ile ile MzeeWaNamba aliyoipigia hesabu.

LCD-X na ekwalaiza ya BintiSauti, nimeinua 2.5 karibu na hezi 3,500. Mwimbaji amesogea. Ile pumzi kabla ya ubeti wa pili sasa iko pamoja na gitaa, haiko nyuma.

HD 800 S kwenye Crack nimeipa siku nne peke yake. NyuziNne umesema kweli, usiku wa nne nilisikiliza piano kipande kizima macho yamefumba sikuhesabu kitu. Ila mimi okestra nasikiliza mara moja kwa wiki pengine, na besi ya LCD-X ndo nilikuwa naikumbuka nikiwa nimevaa nyingine.

Kwahiyo nimemwandikia jamaa, LCD-X inabaki huku kwangu, 800 S nimeifungasha. 650 haiendi popote.

Pedi mpya zimefika jana. Nimeziweka za zamani na mpya pembeni kwenye meza, za zamani zimelala nusu ya unene, na upande wa kushoto umelala kuliko wa kulia, maana mimi huwa nalala ubavu wa kushoto nikisikiliza. Nilikuwa nadhani rekodi nyingi zina mwimbaji aliyeegemea upande mmoja. Nimezivalisha mpya nikarudia ule wimbo, amekaa katikati.

BintiSauti

Miaka sita! Sasa ule ubeti wa pili unausikia wapi ni patamu zaidi, 650 au LCD-X?

MasikioMawili

650 dada. Bado 650.