Waliohamisha saiti kwenda domeni mpya, Google ilikufanyaje? Tupeane uzoefu

FundiPlagi (mleta uzi)
Wakuu poleni na majukumu. Kila wiki kuna mtu ananifuata PM, eti nikibadili domeni nafasi yangu Google itapotea? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kila aliyewahi kuhama aje amwage ya kwake hapa.

Naanza mimi. Nauza vipuri vya pikipiki, saiti ilikuwa .co.tz, ukitafuta kabureta ya Boxer unanikuta juu. Nikaingiwa na tamaa ya .com maana wateja wa Lubumbashi na Lusaka walianza kuulizia. Kijana niliyempa kazi akahamisha, saiti mpya inang'aa, ila linki za zamani zote, zote jamani, akazielekeza ukurasa wa mwanzo. Mtu kabofya kabureta anatua kwenye "Karibu Dukani Kwetu" aanze kutafuta upya, nani ana muda huo? Na Google akiona kurasa mia tatu zinaishia mlango mmoja usiohusiana nazo anazihesabu zimekufa tu. Wiki ya tatu simu kimya, nikajisemea ni Januari, watu wanalipa ada. Kumbe.

Nilikaa siku mbili na Excel, kushoto linki ya zamani, kulia mpya inayofanana nayo, moja moja, zote nikaziwekea ridairekti ya 301, yaani ile inayompeleka mtu moja kwa moja kutoka linki ya zamani hadi mpya. Miezi kama mitatu ndo zikarudi, tena sio zote. Na kitu ambacho sikuambiwa, .co.tz yenyewe ilikuwa inamwambia Google huyu ni wa Tanzania, .com haisemi hivyo. Kwa Lusaka nimepanda, kwa Dar kuna jamaa kanipita mpaka leo.

mama_chapati254
Yangu ni aibu wadau 😂 Nina saiti ya mapishi, mi mwenyewe nilihama na nikajiona mjanja, ridairekti safi, sitemapu mpya (ile orodha ya kurasa unayompa Google), kila kitu. Sasa wakati najenga ile mpya nilikuwa nimeweka tiki pale kwenye WordPress pa kuzuia Google isiingie, ndio isiione kabla sijamaliza. Nikamaliza. Tiki nikaiacha. Siku kumi na tisa!! Ya zamani inawatuma watu kwa mpya, mpya inamwambia Google toka hapa. Halafu matangazo ya AdSense pia yalizima, kumbe domeni mpya lazima uiongeze ikaguliwe upya, haiji tu na ile ya zamani.

bwana_shamba_tz
Nafuatilia uzi, chai pembeni.

Kibo_Guide
Sisi huku Arusha tunauza safari, wageni wengi wanatupata kwa linki zilizoko kwenye saiti za watu wa Ujerumani walioandika safari zao miaka hiyo, hizo linki hatuwezi kuwaomba wazibadili zote, wengine hata hawaandiki tena. Tulihama vizuri, 301 ukurasa kwa ukurasa, miezi saba raha mustarehe. Bosi akaona hosti ya zamani, ile seva ya kukodi, ni hela ya bure, akaikata, akabakiza domeni tu iliyoelekezwa kwa ujanja wa bei rahisi. Cheti cha SSL cha domeni ya zamani, kile kinachoihakikishia browser kwamba saiti ni salama, kikaisha hakuna wa kukihuisha. Na ukiwa na https, cheti kikifa ridairekti haianzi hata, mgeni anakutana na onyo kwamba hapa si salama kabla hajasogezwa popote. Mtu anataka kulipia Serengeti dola elfu kadhaa anaambiwa si salama, atalipa kweli? Tuligundua kwa sababu mama mmoja wa Munich alikuwa na namba ya WhatsApp ya dereva wetu.

kijana_wa_kodi
Swali la mgeni, nimetumia 302, kuna shida?

Kibo_Guide
@kijana_wa_kodi badilisha leo mdogo wangu. 302 unamwambia Google nimetoka kidogo narudi, anaendelea kushikilia anwani ya zamani. 301 ndo nimehama moja kwa moja.

seva_na_mishumaa
Niongezee hapo. Wanaosema 301 inakula nguvu ya linki, hiyo ni hadithi ya zamani, Gary Illyes wa Google alishasema 2016 kwamba ridairekti za aina hiyo hazipotezi PageRank, yaani ule uzito ambao Google anaupa ukurasa kwa linki zinazouelekea. Kinachoumiza watu ni kuhama huku wanabadili muonekano, maneno na mpangilio wa linki kwa mpigo, ikishuka hujui umchape nani. Hama kwanza, rangi utapaka baadaye. Na kile kitufe cha kubadili anwani kwenye Search Console (chombo cha Google cha wenye saiti) kitumie, ila uwe mmiliki wa domeni zote mbili kwa akaunti ileile. Ridairekti Google wanashauri uziache angalau mwaka, baada ya hapo mi naona unaweza kuiachia domeni ya zamani, usiilipie tena.

Mwana_Pwani
@seva_na_mishumaa hapo mwisho tutagombana kaka yangu. Mimi niliiachia.

Ilikuwa ya karakana ya marehemu baba, Tanga, jina lake kamili ndo domeni. Nikahamia jina fupi la biashara, nikasubiri mwaka na ushee, trafiki yote imehamia, Google katulia, nikasema ya nini kulipia domeni mbili. Haikupita muda ikanunuliwa na watu wa kubeti. Linki zote ambazo baba alizipata kwa miaka sasa zinawafaidisha wao. Mbaya zaidi imeili ya zamani ndo niliyofungulia peji yetu ya Facebook, na mwenye domeni ndo mwenye imeili, nilikesha usiku mzima nabadilisha kila akaunti ninayoikumbuka kabla hawajashtuka.

Jana nimeifungua tena. Juu kabisa kuna jina la mzee, chini yake odds za Jumamosi.

seva_na_mishumaa
Dah. Pole sana mkuu. Nalipia zangu zote sasa hivi.