Sarafu za Menander: ni haki kuzinunua mtandaoni?

Wakuu, tulijadili hili bila jazba. Drakma (sarafu ya kale ya Kigiriki) ya fedha ya mfalme Menander inauzwa waziwazi kwenye minada ya mtandaoni. Msimamo wangu: kama muuzaji haonyeshi ilikotoka, usinunue.

Menander alikuwa mfalme Mgiriki aliyetawala kuanzia bonde la Kabul hadi Punjab, katikati ya karne ya 2 K.K. Wabudha wanamkumbuka kama Milinda, yule aliyebishana na mtawa Nagasena. Drakma yake ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba la fundi. Upande mmoja kuna kichwa chake na Kigiriki kimekizunguka: "ya Mfalme Mwokozi Menander". Igeuze, utamkuta Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, kanyanyua radi tayari kuirusha, na maneno yaleyale kwa lugha ya wenyeji, katika hati ya Kharoshthi inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Sarafu za hati mbili kama hizi ndizo zilizowawezesha wataalamu akina James Prinsep, Mwingereza, kuisoma Kharoshthi miaka ya 1830. Na ule mwongozo wa kale wa mabaharia unaoitaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, unasema drakma za Menander na za Apollodotus, mfalme mwingine Mgiriki, zilikuwa bado zinatumika katika bandari ya Barygaza, Gujarat, India, na hiyo ni karne ya 1 B.K.!

Sasa tatizo. Wafalme Wagiriki waliotawala maeneo hayo walikuwa zaidi ya 30, na wengi wao hawatajwi popote ila kwenye sarafu. Nani alimtangulia nani? Unaangalia alama za waliozigonga, unatafuta sarafu iliyogongwa juu ya sarafu ya mfalme mwingine, na zaidi ya yote unahitaji kujua zipi zilifukiwa pamoja, maana hizo huonyesha nani na nani walikaribiana. Mwaka 1992 huko Mir Zakah, mkoa wa Paktia, Afghanistan, zilianza kuibuliwa kisimani sarafu za kupimwa kwa tani. Zikaingia magunia, zikafika soko la Peshawar, Pakistan, zikatawanyika duniani. Zipi zilikuwa pamoja mle kisimani, hakuna tena wa kutuambia.

Wanaotetea biashara hii wana hoja nzito: Makumbusho ya Taifa ya Kabul yaliporwa wakati wa vita vya miaka ya 1990, na sarafu zake kwa maelfu zikapotea. Zingekuwa kwenye droo ya mtu London, leo zingekuwapo. Sawa. Lakini sarafu ya kale hailiwi. Aliyeiba alijua kuna mnunuzi.

Zilizokusanywa tangu karne ya 19 na zina karatasi zake, sina ugomvi nazo. Ila tangazo la "kutoka mkusanyo wa familia", bila jina wala mwaka, kwangu ni sawa na lile la "gari halijawahi kupata ajali".

Ninapobanwa ni hapa: mkulima wa Paktia kakuta chungu cha sarafu shambani, watoto wana njaa, dalali yuko mlangoni na pesa taslimu. Ninyi mnaokubaliana nami, mtamwambia nini huyo? Na ninyi wa soko huria, dalali akimpa bei ya mkate kwa kitu kitakachouzwa kwa mamia ya dola, bado mnaiita biashara huru?